Kufunga Transdusa ya Kitafuta Samaki Kwenye Boti Ndogo: Mwongozo Kamili

Skrini inaweza kuwa kubwa na ya bei ya juu, lakini transdusa ikifungwa vibaya utaona michirizi mitupu. Transdusa ndiyo kile kichwa kidogo kinachokaa majini: hupiga sauti kuelekea chini, kisha husikiliza mwangwi ukirudi. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa sakafu iliyo mita 30 chini hurudi baada ya sekunde 0.04 tu. Kifaa hupima muda huo na kuugeuza kuwa kina.

Adui wa mwangwi huo ni hewa. Sauti inayopita majini ikikutana na hewa, karibu yote hurudishwa palepale. Ndiyo sababu samaki mwenye kibofu cha hewa tumboni huonekana wazi kwenye skrini, ilhali papa na taa, wasio na kibofu hicho, huonekana hafifu kuliko ukubwa wao. Na ndiyo sababu utando mwembamba wa viputo chini ya transdusa unatosha kuiziba kabisa. Mahali pa kufunga, kimo, mwinamo, gundi, hata tone la sabuni: vyote vinalenga kuondoa hewa kati ya uso wa transdusa na maji. Ukilishika hilo, boti yako hata ikiwa na umbo lisilofanana na maelezo haya utajua la kufanya.

Boti imeundwa kwa nini?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua njia ya kufunga, kwa hiyo lipate kabla hujashika drili.

Boti ya faiba yenye mashine ya nyuma hufungwa transdusa kwenye kibao cha tezi, yaani kile kibao kipana kinachobeba mashine. Hii ndiyo njia ya kawaida na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu. Faiba inaruhusu pia kubandika transdusa ndani ya boti ili ipige sauti kupitia faiba yenyewe, lakini kwa masharti tutakayoyaona.

Boti ya aluminiamu hufungwa kwenye tezi vilevile. Tofauti ni mbili: bati lake ni jembamba, na kwenye tumbo lake kuna ribiti na mikunjo inayozalisha viputo, kwa hiyo transdusa hushushwa zaidi kidogo.

Mashua ya mbao hukubali skrubu vizuri, ila sauti haipiti kwenye mbao. Mbao imejaa vijitundu vya hewa. Usijaribu kubandika transdusa ndani ya mashua ya mbao. Hakuna gundi itakayokusaidia.

Mtumbwi au chombo kisicho na kibao cha tezi kinafaa zaidi nguzo ya kushusha ubavuni. Watu huidharau njia hii, lakini kwa chombo kinachokwenda polepole hutoa picha safi kuliko transdusa nyingi za kwenye tezi, kwa sababu kichwa kinakaa mbali na msukosuko wa propela.

Njia ya nne ni kutoboa tumbo la boti na kupitisha transdusa yenye shina. Hiyo ni kazi ya boti kubwa zaidi na fundi mzoefu. Ukifikia huko, kumbuka mambo mawili tu: shina la shaba nyeusi halifai kwenye aluminiamu kwa sababu metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi aluminiamu huliwa, na shina la plastiki halifai kwenye mbao kwa sababu mbao ikilowa huvimba na kulipasua.

Vitu vya kuandaa

- Transdusa na bano lake, pamoja na skrubu zilizokuja nazo. Kama skrubu hizo zinashika sumaku kwa nguvu, tafuta za stenlesi ya daraja la 316 zenye unene na urefu uleule.
- Kipande cha plastiki ngumu ya polithini chenye unene wa milimita 12 hadi 19, takriban sm 20 kwa 25, kama utatumia kibao cha kati (tazama Hatua ya 3).
- Drili, biti ya milimita 4, biti ya kupanulia mdomo wa tundu, na biti pana ya kupitisha plagi ya kebo. Pima plagi yenyewe. Nyingi huhitaji tundu la milimita 16 hadi 25.
- Gundi ya kuzibia ya polyurethani ya kazi za baharini, tyubu moja. Silikoni ya bafuni, ile yenye harufu ya siki, isikaribie boti: tindikali yake hula metali.
- Epoksi kidogo, kwa boti ambayo kibao chake cha tezi kina plaiwudi ndani.
- Pimamaji fupi, rula ndefu iliyonyooka, kalamu ya alama, tepu ya karatasi, msasa namba 80.
- Klipu za kebo, kifuniko cha tundu la kebo, kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampea iliyotajwa kwenye kitabu cha kifaa. Kwa skrini ndogo huwa ni 3.
- Waya wa shaba uliopakwa bati, nyekundu na nyeusi, wa milimita mraba 1.5 au 2.5.

Hatua ya 1: Tafuta maji safi

Kabla ya kupima chochote, washa mashine na uende kwa mwendo wako wa kawaida wa kusafiri. Mmoja aendeshe, mwingine, akiwa amevaa jaketi la kuokolea na ameketi imara, atazame nyuma. Utaona sehemu ambazo maji yanatoka chini ya tezi yakiwa laini kama kioo, na sehemu zenye mstari mweupe wa povu. Kila mstari mweupe una chanzo: mkunjo wa tumbo la boti, ribiti, tundu la kunyonyea maji, skrubu iliyojitokeza, au kovu la matengenezo ya zamani. Weka alama ya tepu juu ya kibao, penye maji laini.

Sasa chuja alama hizo kwa masharti haya:

Kaa upande ambao panga za propela zinashuka. Propela nyingi za mashine moja, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kwa mwelekeo wa saa. Kwa hizo, panga hushuka upande wa kulia na kupanda upande wa kushoto zikibeba maji yaliyochafuka. Kwa hiyo upande wa kulia ndio bora. Kama propela yako huzunguka kinyume, geuza.

Acha sm 30 hadi 40 kati ya transdusa na propela. Ukisogea karibu zaidi utanasa msukosuko wake. Ukienda mbali sana pembeni, boti ya tumbo la V ikiinuka kwa mwendo au ikilala kwenye kona, transdusa hutoka majini.

Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha inua mashine juu kabisa. Haitakiwi kugusa transdusa wala kebo wakati wowote. Hili husahaulika mara nyingi, na bano huvunjika siku ya kwanza.

Mwisho, fikiria boti inavyotoka majini. Kama inaburutwa ufukweni au inapandishwa kwenye trela, chagua mahali ambapo mchanga au roli havifiki, na tumia bano linaloruka juu likigongwa.

Kwa transdusa inayotazama pembeni kuna sharti la ziada: pande zote mbili ziwe wazi. Mguu wa mashine ukiwa kwenye njia, upande huo wa skrini utakuwa na kivuli cheusi cha kudumu.

Hatua ya 2: Jaribu kabla ya kutoboa

Bana transdusa kwenye ubao kwa muda, funga ubao huo kwenye tezi kwa vibano vya seremala na kamba ya usalama, kisha nenda majini kwa mwendo mdogo. Dakika kumi za jaribio hili hukuepusha na matundu sita ya kuziba baadaye. Kama picha ni safi boti ikiwa imetulia na ikienda polepole, mahali panafaa. Mambo ya mwendo mkubwa yatarekebishwa kwa kimo na mwinamo.

Hatua ya 3: Kibao cha kati, au moja kwa moja?

Kila tundu lililo chini ya mstari wa maji ni mlango. Vibao vingi vya tezi vya boti za faiba vina plaiwudi ndani, na maji yakiingia kupitia tundu moja la skrubu, plaiwudi huoza kimyakimya hadi siku mashine inapoanza kucheza. Kwa sababu hiyo tunashauri kibao cha kati cha plastiki: unakifunga mara moja kwa skrubu mbili au tatu zilizo juu iwezekanavyo, kisha transdusa yenyewe unaifunga kwenye plastiki. Ukitaka kuihamisha sentimita mbili au kununua nyingine baada ya miaka michache, unatoboa plastiki, sio boti.

Usitegemee gundi pekee kushika kibao hicho. Polithini ni plastiki yenye mafuta, na gundi nyingi huachia kama ganda la ndizi. Skrubu ndizo zinazoshika. Gundi huziba tu.

Kama unafunga moja kwa moja kwenye mbao, epuka maungio ya mbao na mistari ya kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Skrubu ikipita kwenye kiungo hufungua njia ya maji na kulegea kila mbao inapovimba na kunyauka.

Hatua ya 4: Pima kimo

Weka rula ndefu chini ya tumbo la boti, ikijitokeza nyuma ya tezi. Ukingo wa rula hiyo ndio mstari wako wa rejea. Kwa faiba laini, uso wa transdusa ushuke milimita 3 chini ya mstari huo. Kwa aluminiamu, milimita 10. Ukipita hapo bila sababu, transdusa itarusha mkia wa maji nyuma ya boti, na nguvu ya maji itaifanyia kazi bano hadi lipinde.

Bano karibu zote zina matundu marefu ya kutelezesha. Weka alama za skrubu katikati ya matundu hayo marefu, usiweke juu wala chini kabisa, ili ubaki na nafasi ya kupanda na kushuka baada ya jaribio. Tundu la tatu, la kufungia moja kwa moja, liache mpaka kila kitu kimekubali.

Sasa tazama kutoka nyuma. Kibao cha tezi kinaweza kuwa sawa, lakini tumbo la V limeinama. Transdusa hufuata mstari wa maji, haifuati tumbo. Tumia pimamaji, boti ikiwa imekaa kama inavyokaa majini. Kosa la digrii 10 linaonekana dogo, lakini kwa kina cha mita 30 linapeleka shabaha zaidi ya mita 5 pembeni. Utakuwa unashusha mshipi mahali ambapo samaki uliowaona hawapo.

Hatua ya 5: Toboa na uzibe

Bandika tepu ya karatasi juu ya alama. Huzuia rangi ya faiba isimeguke. Zungushia biti tepu nyingine mahali ambapo kina cha skrubu kinaishia, mara nyingi milimita 20 hadi 25, ili usitokeze upande wa pili. Anza kwa kuzungusha drili kinyume hadi ipenye rangi ya juu, kisha endelea kawaida. Panua mdomo wa tundu kidogo; bila hivyo skrubu ikiingia huisukuma faiba na kuipasua kama nyota.

Kwa kibao chenye plaiwudi, njia imara ni hii: toboa tundu pana zaidi, milimita 8 au 9, lijaze epoksi iliyokorogwa na unga wa kujazia, liache likauke usiku mzima, kisha toboa tundu la milimita 4 katikati ya epoksi. Skrubu sasa imeshika plastiki ngumu, na hata gundi ya juu ikichoka maji hayafiki kwenye plaiwudi. Ni kazi ya siku mbili badala ya saa moja. Kwa boti unayoitegemea, ifanye.

Pampu gundi ndani ya kila tundu mpaka ifurike, paka pia nyuma ya bano, kisha kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono. Drili ya umeme huizidishia nguvu na kusaga nyuzi za ndani. Gundi inayotoka pembeni ifute, lakini acha duara dogo kuzunguka kichwa. Ipe siku moja hadi mbili kabla ya kuingia majini.

Kwenye aluminiamu, bati la milimita 3 halina nyama ya kushika skrubu. Tumia bolti zenye nati za kujifunga na washa (pete bapa za chuma) pana ndani, na uhakikishe gundi inatenganisha stenlesi na aluminiamu kila zinapogusana.

Hatua ya 6: Mwinamo wa mbele na nyuma

Ukitazama kutoka ubavuni, uso wa transdusa uwe sambamba na mstari wa maji, au mkia wake ushuke kidogo sana kuliko pua, digrii 1 hadi 4. Mwinamo huo mdogo unafanya maji yaubane uso, yasiachie nafasi ya hewa. Pua ikiwa chini kuliko mkia, maji huruka juu na kuacha pengo nyuma ya ncha, pengo linalojaa viputo.

Kaza kiungo cha mwinamo hadi kishike lakini bado ukiweza kukisukuma kwa mkono. Utakirudia.

Hatua ya 7: Kebo

Usikate kebo ya transdusa, hata kama ni ndefu mno. Ndani yake mna nyaya nyembamba zenye ngao ya kuzuia kelele za umeme, na kiungo cha mkono huharibu ngao hiyo. Urefu uliobaki ukunje kwa umbo la nane lililolegea, upana wa sm 15 hivi au zaidi, uufunge mahali pakavu.

Tundu la kupitisha kebo litobolewe juu kabisa ya mstari wa maji, karibu na ukingo wa juu wa tezi. Acha kebo ining'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye tundu, ili matone yadondokee pale badala ya kuifuata hadi ndani. Weka klipu ya kwanza karibu na transdusa lakini acha mlegeo wa kutosha bano kuruka juu likigongwa. Kebo iliyokazwa kama uzi wa gita hukatika ndani ya ganda, na huioni.

Ndani ya boti, ipitishe upande tofauti na waya wa mashine na kebo ya antena ya redio. Umbali wa sm 30 hadi 50 unatosha. Pale ambapo lazima zikutane, zikatane kwa msalaba. Zikienda sambamba, kelele ya plagi za mashine huingia moja kwa moja kwenye picha. Usiiache ilale kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika. Maji ya ngama yana mafuta na chumvi, na plagi hazipendi vyote viwili.

Hatua ya 8: Umeme

Waya wa umeme utoke kwenye betri yenyewe. Kuunganisha kwenye swichi ya taa au nyuma ya usukani kunaokoa mita mbili za waya na kukuletea kelele za vifaa vingine vyote. Fyuzi ikae kwenye waya mwekundu, karibu na nguzo ya betri kadiri inavyowezekana: kazi yake ni kulinda waya, na waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi.

Kama mashine ina stata ya umeme, kila unapoiwasha betri hushuka nguvu ghafla na skrini inaweza kujizima. Betri ndogo ya peke yake humaliza tatizo hilo pamoja na kelele nyingi. Hesabu yake ni rahisi: skrini ndogo inayotumia ampea 0.5, kwa betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ukitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa saa 7. Skrini kubwa inayotumia ampea 1 hukupa saa 3 na nusu, kwa hiyo chukua betri kubwa zaidi.

Hatua ya 9: Jaribio la majini

Kabla ya kuteremsha boti, futa uso wa transdusa kwa kidole chenye sabuni ya vyombo. Plastiki mpya hushika utando wa viputo visivyoonekana, na sabuni huviondoa. Usiiwashe kwa muda mrefu ikiwa nje ya maji; nguvu isiyopata pa kwenda huwa joto.

Boti ikiwa imetulia, mashine imezimwa, linganisha kina cha skrini na bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina. Tofauti ya sentimita chache ni kimo cha transdusa chini ya uso wa maji, na unairekebisha kwenye menyu: kama uso uko sm 15 chini ya maji na unataka kina kutoka juu ya maji, ongeza mita 0.15. Ukitaka kina chini ya mkuku (uti wa chini kabisa wa boti) ili usikwame, pima umbali kutoka uso wa transdusa hadi ncha ya chini ya mkuku na uutoe.

Kisha washa mashine bila kuondoka. Picha ikibadilika hapo, tatizo ni umeme, si maji. Ongeza mwendo kidogo kidogo, ukiandika mwendo ambao sakafu inaanza kukatika. Ikikatika, shusha transdusa milimita 3 na ujaribu tena. Bado? Shusha mkia wake digrii moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha viwili hujui kipi kilisaidia. Picha ikishika hadi mwendo wako wa kawaida, weka ile skrubu ya tatu na kaza kiungo cha mwinamo. Kwa mwendo wa kasi kabisa, kupoteza picha kidogo hakuna hasara. Hakuna anayevua akiwa anakimbia.

Picha ikikataa

Sakafu inaonekana ukiwa umesimama na kupotea ukienda: hewa. Rudi kwenye kimo, kisha mwinamo, na kama vyote vimeshindikana, mahali penyewe. Kabla hujahamisha chunguza tumbo la boti mbele ya transdusa, mita moja hadi mbili. Kombe moja lililoota hapo linatosha.

Vidoti na mistari ya wima inayoongezeka mashine ikizunguka haraka: kelele ya umeme. Zima vifaa kimoja kimoja. Kama inaisha ukitumia betri tofauti, chanzo ni waya wa umeme; kama inabaki, chanzo ni njia ya kebo.

Kina kinachorudiwa mara mbili, mathalani mita 4 na tena 8: kwenye maji mafupi yenye sakafu ngumu sauti huenda na kurudi mara mbili. Si hitilafu, punguza hisia ya kifaa.

Hakuna kitu kabisa: weka kidole juu ya uso wa transdusa, au sikio karibu nayo. Nyingi hutoa mlio mdogo wa tik-tik zikifanya kazi. Ukiusikia, tazama mipangilio ya aina ya transdusa kwenye menyu. Ukikosekana, angalia plagi kwanza. Pini moja iliyopinda hufanya hivyo.

Samaki wanaonekana wengi mno, kila mahali: pengine ni alama za samaki ambazo kifaa huchora chenyewe kwa kila kiputo na kila jani. Zima alama hizo na ujifunze kusoma matao halisi, yaani mistari iliyopinda inayochorwa na mwangwi wa samaki.

Kubandika ndani ya faiba

Njia hii haitoboi chochote na haiburuti maji. Masharti: mahali pa kubandika pawe faiba tupu, bila povu, balsa wala plaiwudi katikati, na transdusa iwe ya sauti ya kawaida. Zile za kupiga picha za chini na pembeni hazifanyi kazi kupitia faiba, na kipima joto kitasoma joto la boti badala ya la maji.

Jaribu kwanza. Ning'iniza transdusa nje ya boti na uandike inavyosoma. Kisha lowesha sakafu ya ndani, weka transdusa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, uikandamize hapo, na ulinganishe. Picha ikififia sana, hamisha sentimita kadhaa. Unene wa faiba hutofautiana hata ndani ya boti moja.

Ukipata mahali, piga msasa, safisha kwa asetoni (kwenye faiba tu, asetoni huyeyusha ganda la transdusa), na ukoroge epoksi ya kukauka polepole. Koroga taratibu bila kupiga kama mayai, kwa sababu kila kiputo kitakachobaki humo kitakuwa humo milele. Mimina dimbwi dogo, shusha transdusa kwa upande mmoja, uizungushe huku ukikandamiza hadi hewa itoke pembeni, uiwekee uzito mwepesi na uiache saa 24. Silikoni ni laini mno kwa kazi hii, humeza sauti.

Nguzo ya mtumbwi

Chukua bomba la aluminiamu au upondo imara wenye unene wa milimita 25 hadi 32. Funga transdusa kwenye ncha, tumbo lake likitazama chini kabisa nguzo ikiwa wima, na uishushe sm 5 hadi 10 chini ya tumbo la chombo. Ibane ubavuni, karibu theluthi moja kutoka tezi, kwa kibano chenye raba ya kuzuia kuchubua. Upande wa mbele uwekee alama ya rangi juu ya bomba, ili kila ukiishusha ielekee uleule.

Nguzo hustahimili mwendo wa kasia na wa mashine ndogo. Ukitaka kwenda mbio, ipandishe. Maji huikunja haraka kuliko unavyodhani. Na ifungie kamba. Kibano kikiachia usiku, kamba hiyo ndiyo itakayokurudishia transdusa.

Utunzaji

Kila baada ya wiki chache za kukaa majini, futa uso kwa kitambaa laini na sabuni. Usitumie kisu kukwangua makombe. Mkwaruzo huwa kiota cha viputo. Kama boti inakaa majini muda wote na unahitaji rangi ya kuzuia makombe, tumia ile ya maji, koti jembamba. Rangi zenye viyeyusho vikali hula plastiki, na zile zenye shaba zisiguse kamwe boti ya aluminiamu. Plagi zikichomolewa zifunike, na ukirudi nchi kavu kagua skrubu za bano kwa kidole: ikizunguka bila bisibisi, itoe, kausha tundu, tia gundi upya, kaza.